Ninunue skuta au niachane nayo? Maswali yanayoulizwa mara kwa mara na watu wa Dar kabla ya kutoa hela

Wengine wanauliza kwa sababu bei ya mafuta imewachosha, wengine ni foleni ya Mwenge, wengine wameona tu dada mmoja anakatiza zake na skuta pale makutano ya Morocco wao wamekaa kwenye daladala wananyonyana jasho, roho ikapenda. Maswali ni yaleyale kwahiyo nimeyaweka pamoja. Hesabu zote nimepiga kwa petroli ya shilingi 3,000 kwa lita ili iwe rahisi, EWURA, mamlaka ya nishati, wanatangaza bei kikomo kila Jumatano ya kwanza ya mwezi, we chukua ya mwezi wako urekebishe.

Skuta kweli inanusa mafuta au ni maneno ya wauzaji?

Inanusa ndio, ila sio kwa kiwango unachoambiwa dukani. Skuta ya kisasa ya cc 110 mpaka 125, zile ambazo huchanganyi oili na petroli, kwa barabara za Dar itakupa kilomita 40 mpaka 50 kwa lita ukiwa peke yako na tairi zina upepo wa kutosha. Karatasi ya muuzaji itasema 60 na kitu, hiyo ni ya kwenye majaribio, mtu mwepesi, spidi ileile, hakuna tuta wala foleni. Wewe ukikaa Ubungo dakika ishirini injini inawaka, halafu nyuma umempakia shemeji mwenye mwili wake, usitegemee 60.

Na kuna kitu wengi hawaambiwi. Skuta sio chombo kinachokula mafuta kidogo kuliko vyote vya magurudumu mawili. Boxer ya cc 100, hiyohiyo ya bodaboda, inakwenda kilomita 60 hivi kwa lita na mwenye mkono mzuri anapitisha hapo. Sababu ni jinsi nguvu inavyofika kwenye tairi la nyuma. Boxer ina gia na cheni, skuta ina mkanda wa mpira unaozunguka kwenye puli mbili zinazojibana na kujiachia zenyewe kulingana na spidi, ndio maana hubadilishi gia, raha tupu, lakini ule mkanda unapoteza nguvu kidogo kwa msuguano na injini inabidi ipande mzunguko kwanza ndio klachi ishike uondoke. Kila unapoondoka kwenye taa unalipa kidogo. Kwahiyo kama kitu pekee unachotafuta duniani ni kilomita nyingi kwa lita, nunua boksa ya cc 100 mambo yaishe. Skuta watu wanaichukua kwa mambo mengine, wepesi, usafi, kutokupiga gia, buti la chini ya siti, na mafuta ni sababu mojawapo tu.

Sasa kwa mwezi nitaokoa shilingi ngapi?

Inategemea sasa hivi unapanda nini, na hapa ndipo watu wanapojidanganya sana.

Chukua mtu wa Tegeta anayefanya kazi Posta, ni kama kilomita 25 kwenda, 25 kurudi, siku 22 za kazi inakuwa kilomita 1,100 kwa mwezi. Skuta ikienda 45 kwa lita anahitaji lita 24 na nusu hivi, shilingi 73,000. Boxer ya 100 ingekuwa kama 55,000. Gari ndogo ya cc 1,300, tuseme IST, kwenye foleni za Dar ikikupa 11 kwa lita shukuru, hapo ni lita 100, laki tatu.

Mwenye gari ameona mwenyewe, anabakiwa na zaidi ya laki mbili kila mwezi kwenye mafuta peke yake.

Anayepanda daladala sasa. Weka nauli 900 kwenda, 900 kurudi, ni 1,800 mara 22, jumla 39,600. Yaani daladala ni rahisi kuliko skuta hata kabla hujaweka oili, bima, tairi na hela ya kununulia yenyewe. Mtu wa daladala moja kwa moja mpaka kazini hanunui skuta kuokoa hela, ananunua muda, na muda ni kitu halali kabisa kukinunua ila kiite kwa jina lake.

Lakini wengi wetu hatukai barabarani. Unashuka kituoni halafu unachukua boda mpaka ndani huko, buku kwenda buku kurudi, hiyo ni 44,000 kwa mwezi juu ya nauli, sasa umefika 83,600 na skuta inaanza kuongea. Na ukiwa unapanda daladala mbili plus boda basi mjadala umekwisha. Ukitaka kujua kama skuta itakulipa usianze na bei ya skuta, anza na ile boda ya kutoka kituoni kuingia mtaani kwenu, ndio inayokula mshahara kimyakimya na hakuna anayeiandika popote.

Hela ya kununulia itarudi baada ya muda gani?

Tuseme umepewa bei ya milioni 3 na nusu, na matunzo yote, oili, tairi, bima, vipuri vya hapa na pale, umetenga 35,000 kwa mwezi. Mwenye IST anaokoa 227,000 kwenye mafuta, toa 35,000, anabaki na 192,000, inarudi kama mwaka mmoja na nusu. Hapo ni kama gari linakaa kabisa nyumbani siku za kazi. Ukiwa mtu wa kusema leo mawingu ngoja niende na gari, kesho nina kikao ngoja niende na gari, zidisha mara mbili.

Anayepanda daladala na boda kwa ile hesabu ya juu anaokoa 10,000 kwenye mafuta halafu matunzo yanazimeza zote na kupita. Hairudi, hata ukiisubiri mpaka watoto wamalize shule. Anachopata ni kulala mpaka saa kumi na mbili badala ya kuamka saa kumi.

Kwa mkopo ni hesabu nyingine kabisa. Angalia jumla utakayolipa mpaka mwisho, sio marejesho ya wiki, maana marejesho ya wiki huwa yanaonekana madogo makusudi.

Nitajuaje yangu inakula kiasi gani hasa?

Achana na kusema "nimeweka ya buku tano nimezunguka wiki nzima", hiyo haipimi kitu. Njia ni ya tanki kwa tanki na haina ufundi wowote. Nenda sheli asubuhi, simamisha skuta kwa stendi kubwa ya katikati, sio ile ya pembeni maana ikiinama tanki linadanganya. Skuta nyingi mdomo wa tanki uko chini ya siti kwahiyo ushuke, ufungue siti, na ukishafungua chungulia ndani: chini kidogo ya mdomo utaona ukingo wa chuma, mwambie muuzaji ajaze taratibu mpaka mafuta yaguse ule ukingo, asimimine kwa fujo maana inatoa povu na pampu inakata mapema. Piga picha namba za kilomita kwenye dashibodi. Tembea maisha yako ya kawaida, kazini, sokoni, kwa mama, popote. Ikikaribia kuisha rudi sheli ileile, pampu ileile ikiwezekana, jaza mpaka ukingo uleule. Kilomita ulizotembea gawa kwa lita zilizoingia. Ukitembea 138 na zikaingia lita 3.1 una 44 na nusu kwa lita, ipo sawa kabisa. Rudia mara tatu hivi ndio uamini.

Ikija chini ya 35 na huwa hubebi mizigo, kuna kitu. Anza na upepo wa tairi, hilo ndilo la kwanza na ni la bure, vipimo vimebandikwa kwenye stika ya chombo na vya mbele na nyuma havifanani. Halafu breki ya nyuma inayobana muda wote, inua tairi ulizungushe kwa mkono uone kama linakwenda huru. Ea klina iliyojaa vumbi, na huku kwetu inajaa haraka. Plagi. Na oili nzito: skuta nyingi za kisasa zinataka oili nyepesi ya 10W-30, fundi wa kijiweni anakuwekea ile nzito ya 20W-50 ya boda kwa kuwa ndio anayo, injini inafanya kazi ya ziada kuisukuma.

Kabureta au injeksheni?

Ni njia mbili za kuingiza petroli kwenye injini. Kwa mafuta, injeksheni inashinda, inapima petroli vizuri zaidi na asubuhi inawaka bila kubembelezwa. Kwa fundi wa mtaani, kabureta inashinda, anaifungua anaipuliza anarudisha umeondoka. Injeksheni haitaki petroli ya kwenye chupa za barabarani, maji kidogo au uchafu na pampu inalalamika. Kama unakaa mjini na sheli ziko kila kona chukua injeksheni. Kama ni kijijini ambako wese linauzwa kwenye chupa za maji, kabureta itakutunza.

Nina leseni ya gari, si naweza kuendesha tu?

Hapana. Pikipiki ina daraja lake, A, na kuna A1 kwa injini ndogo. Ukiwa na B au D haikufunikii, trafiki akikukamata ni kosa, na mbaya zaidi siku ukigonga mtu kampuni ya bima itauliza leseni kwanza. Nenda chuo cha udereva kinachotambulika ufundishwe hata kama unajua baiskeli tangu utotoni. Kitu kinachowashangaza waliozoea boksa ni kwamba kwenye skuta mkono wa kushoto ni breki, sio klachi, na ukizoea boksa halafu ukapanda skuta utaushika ule wa kushoto kwa nguvu ukidhani unabonyeza klachi na utaenda na meno.

Helmeti ni kwa wote wawili, wewe na abiria. Nunua nzuri, ile ya elfu kumi na tano inayotoa harufu ya gundi ni kofia tu ya kuficha nywele.

Gharama za serikali kila mwaka zikoje?

Sio mbaya. Ile ada ya mwaka ya leseni ya chombo, wengi bado wanaiita rodi laisensi, ilifutwa kwenye bajeti ya 2017/18, ikahamishiwa kwenye mafuta, shilingi 40 kwa lita. Ukifikiria vizuri mwenye skuta alineemeka kuliko wote, anayekunywa lita 24 kwa mwezi analipa kidogo sana kulinganisha na mwenye Land Cruiser. Inabaki bima, ndogo ni lazima, kubwa ni hiari ila kwa chombo kipya ifikirie. Hakiki kwenye mfumo wa TIRA, mamlaka ya bima, kwa namba ya chombo, usitegemee karatasi uliyopewa na mtu.

Mpya au used?

Mpya kama unaweza, hasa ukiwa hujui vyombo. TVS, Honda, Yamaha na Suzuki spea zake Kariakoo unazipata, kuna na majina ya Kichina yanayobadilika kila baada ya miaka miwili, jina likipotea na spea zinapotea nalo, hapo jihadhari.

Ukienda used mwambie muuzaji asiiwashe kabla hujafika. Ukifika gusa injini, ikiwa ya moto ameshaiwasha, anajua kwanini. Washa mwenyewe ikiwa ya baridi, angalia eksosi, moshi wa bluu unaoendelea kutoka maana yake inachoma oili na hapo mafuta na oili vyote vitakula hela yako. Iweke kwenye stendi ya katikati ikiwa inawaka bila kuigusa: tairi la nyuma lisizunguke kwa kasi, likizunguka sana klachi au mzunguko una shida. Ongeza aksileta taratibu usikilize upande wa kushoto kwenye mkanda, kelele ya kugongagonga mara nyingi ni rola za ndani ya puli zimelika upande mmoja. Uliza mkanda ulibadilishwa lini, wenye kutengeneza wengi wanasema kilomita 20,000 mpaka 24,000 hivi, na mkanda ukikatika njiani husukumi gia wala nini, unasukuma skuta.

Halafu karatasi. Namba ya fremu kwenye chuma na ya kwenye kadi zilingane herufi kwa herufi. Angalia madeni ya trafiki kwa namba ya chombo kwenye mfumo wa polisi, watu wengi wamenunua skuta na fungu la faini za mwenzao ndani yake. Na badilisha umiliki TRA mara moja, usikubali "tutabadilisha taratibu", mwenye kadi akifariki au akibadilisha namba ya simu utahangaika.

Barabara ya kwetu ni mchanga na mashimo, itaweza?

Hili ndilo swali ningelitanguliza kuliko hata la mafuta. Tairi za skuta nyingi ni inchi 10 au 12, boksa ni 17. Shimo ambalo boksa inalivuka ikitikisika kidogo, tairi la inchi 10 linaingia lote ndani. Kwenye mchanga mzito kama vichochoro vya Goba, Bunju ndani ndani, Chanika, tairi dogo linazama na mbele panayumba, miguu yote chini unajisukuma kama mtoto. Na matuta, yale ambayo mtaa umejijengea wenyewe kwa zege, tumbo la skuta linayakwangua hasa mkiwa wawili.

Kama zaidi ya nusu kilomita ya njia yako ni hivyo, na hakuna njia nyingine, usinunue skuta ya tairi ndogo. Zipo za inchi 13 na 14 kama Honda PCX, zinavumilia zaidi na bei nayo inapanda. Au rudi kwenye boksa, hakuna aibu. Jaribu njia yako kwanza na skuta ya rafiki, kutoka mlangoni kwenu, sio kuizungusha kwenye lami ya mbele ya duka.

Na mvua?

Masika ya Machi mpaka Mei utalowa, hilo halina mjadala, nunua koti na suruali ya mvua na uviweke kwenye buti mwaka mzima. Tatizo la chombo chenyewe ni maji ya kina. Ule mkanda unakaa kwenye boksi lenye matundu ya kupitishia hewa ya kuupoza, maji yakiingia humo mkanda unateleza, unapiga aksileta injini inalia chombo hakiendi, hapohapo katikati ya dimbwi. Maji yakifika katikati ya tairi, rudi. Jangwani ikifurika usishindane nayo, hata mabasi ya mwendokasi huwa yanasitisha.

Na kwa kuwa nimetaja mwendokasi, ile njia yao sio yako. Najua ni tupu, najua inatamanisha, basi linakuja nyuma yako kimya kimya na halina pa kukukwepea.

Mimi navaa gauni na baibui, itanifaa?

Hapa skuta haina mpinzani. Sehemu ya kuweka miguu iko mbele, wazi, unakaa miguu pamoja kama kwenye kiti, hakuna kupandisha mguu juu ya tanki. Injini na mkanda vimefunikwa kwahiyo hakuna cheni ya kuchafua nguo, hakuna eksosi ya kuunguza mguu wa aliyekaa mbele. Ila baibui na mtandio lazima vikunjwe vikaliwe, kitambaa kinachopepea nyuma kinaingia kwenye tairi na hiyo ajali ni mbaya. Wengi wanavaa suruali nyepesi ndani na kuikusanya baibui mbele mapajani. Kuna ndoano ya kutundikia mfuko wa sokoni, na buti la chini ya siti linameza mkoba na helmeti ndogo.

Dada zangu mnaoambiwa skuta ni nyepesi ndio maana ya wanawake, iinueni kwanza. Ina kilo 105, 110 hivi, ikilala upande ni shughuli.

Tunaweza kupanda watatu, mimi, mke na mtoto?

Mishkaki hapana. Sheria inakataa, na hata ikikubali, injini ya cc 110 na breki ya ngoma hazikutengenezewa hilo. Na yule mtoto anayesimama mbele kwenye ubao wa miguu ameshika usukani, tunaona kila siku, siku ukipiga breki ya ghafla yeye ndiye anayefika wa kwanza.

Naweza kuifanyia bodaboda nipate hela?

Kwa kupakia abiria kutwa nzima, sikushauri. Mkanda, rola na klachi vinachoka haraka kwa kusimama na kuondoka, tanki ni la lita 5 au 6 kwahiyo sheli utakuwa mgeni wa kila siku, na abiria mwenye begi hana pa kuliweka. Boksa imeimudu hiyo kazi kwa miaka mingi na hesabu za mkataba wa boda zimejengwa juu yake. Kupeleka vifurushi na chakula ni kitu kingine, unaweka boksi nyuma, mizigo midogo, mjini lami tupu, hapo inalipa.

Fundi wa kijiweni ataiweza?

Oili, plagi, breki, taa, pancha ataiweza. Oili ni kama nusu lita na robo mpaka lita moja kasoro, rahisi. Kuna oili ya pili ya gia za tairi la nyuma, kidogo tu, mafundi wengi wa boda hawajui hata ipo, ulizia. Mkanda na klachi mtafute aliyezoea skuta, zile nati zinataka spana ya mashine, ukiona anatoa patasi na nyundo chukua chombo chako uondoke.

Ya umeme je, si ndio rahisi zaidi?

Kwa kuendesha ni rahisi mno na hapa hakuna ubishi. Skuta ya umeme inatumia kama uniti 3 na nusu kwa kilomita 100, weka na upotevu wa chaja tuseme 4. Kilomita zetu 1,100 zinakuwa uniti 44, kwa shilingi 356 kwa uniti ni kama 15,700 kwa mwezi. Linganisha na 73,000 ya petroli. Hata daladala imeachwa. Tena hakuna oili, hakuna plagi, hakuna ea klina. Ila kama nyumbani uko kwenye ule umeme wa bei nafuu wa mwisho uniti 75, chaja itakuvusha na zitakazozidi utazilipia bei kubwa, piga hesabu hiyo.

Kinachotakiwa kukuuma kichwa ni betri. Uliza tatu: inaenda kilomita ngapi mkiwa wawili, sio mmoja, betri mpya inauzwa bei gani leo, dukani kwenu, sio "itakuwepo", na dhamana yake imeandikwa au imesemwa tu. Muuzaji akikwepa la bei ya betri, mshukuru uende. Betri za risasi, zile nzito, zinachoka mapema, tafuta lithiamu. Na kama umepanga chumba cha ghorofa ya tatu, betri isiyotoka utaichajia wapi? Kwa mtu mwenye kwake, njia yake fupi, soketi iko barazani, mimi leo ningesema umeme kabla ya petroli.

Niko Zanzibar, hesabu ni hizohizo?

Bei ya mafuta kwenu inatangazwa na ZURA, weka yenu. Umbali ni mfupi na kisiwa hakina milima ya maana kwahiyo skuta inafurahi, na vespa mnazo toka enzi za wazee hamhitaji kufundishwa. Ila zile vespa za zamani za gia mkononi, zinazochanganywa oili kwenye petroli mililita 20 kwa kila lita, msizihesabu kwenye kubana mafuta, zinakwenda 30 na kitu kwa lita na moshi juu. Ni nzuri, zina heshima zake, lakini mafuta hapana. Na chumvi ya bahari inakula chuma, osha na maji yasiyo na chumvi hasa chini, eksosi ndio inaanza kutoboka.

Naweza kwenda nayo Morogoro?

Ni karibu kilomita 200, tanki moja linafika kwa shida. Mwisho wake ni spidi 80, 90 hivi, na mabasi na malori ya ile barabara hayatakusubiri, upepo wa lori peke yake unakuhamisha. Panda basi, au treni ya SGR, skuta iache nyumbani ipumzike.

Wizi?

Skuta ni nyepesi, watu wawili wanaibeba. Loki ya usukani haitoshi, nunua mnyororo mzito upitishe kwenye fremu, sio kwenye tairi, na uufunge kwenye kitu kisichong'oka. Kazini muombe mlinzi akuoneshe sehemu anayoiona akiwa amekaa.

Nimepiga hesabu zote hainilipi, lakini bado naitaka. Nifanyeje?

Nunua bana. Hela ni yako na kuna siku utapita foleni ya Mwenge saa moja kasoro asubuhi upepo unakupiga utaona ilistahili. Ila nyumbani usiwaambie umeinunua kuokoa mafuta, maana mwisho wa mwezi watakuomba hiyo iliyookolewa.